Golini kwa Jina Lako

Rashidi mwanangu,

Hii ni karatasi ya tatu. Mbili za kwanza nimezichana kwa sababu zilianza na matusi, na matusi si kitu cha kumpa mtu anayesafiri. Hii nayo sijui itafika wapi. Hasira bado ninayo. Nimeona bora nikupe hivyo hivyo ilivyo, kuliko kukuandikia maneno matamu halafu ufike huko Iringa ukae ujiulize mama alikuwa na nini siku nzima, mbona alikuwa anagonga masufuria.

Habari za blanketi, soksi, dawa za malaria na kutolala dirisha wazi, baba yako amekueleza tangu asubuhi, nimemsikia. Mimi siongezi. Ukisikia baridi utajifunika.

Niko chumbani, ni alasiri, mlango nimeurudishia. Nyie mko uani mnalifunga begi kwa kamba kwa sababu zipu imekufa. Kila saa nasikia baba yako akisema "vuta, vuta," na wewe unacheka. Nashukuru unacheka. Mwaka jana kipindi kama hiki nyumba hii haikuwa na mtu anayecheka.

Nianze na Fredi, maana kumkasirikia yeye ni rahisi.

Lakini hata Fredi asingefika kwetu kama usingekuwa kipa, na ukipa wenyewe ulianza hapa hapa Chinongwe, kwenye shamba letu la ufuta. Watoto wote wa mtaa walitaka kufunga magoli. Wewe ulitaka kuzuia. Baba yako alikuwa anakata ufuta, anafunga mafungu, anayasimamisha yakauke, na wewe na mdogo wako Shabani mnachukua mafungu mawili mnayafanya nguzo za goli. Shabani anapiga, wewe unadaka. Mbegu zinamwagika chini kabla hata hatujatandika turubai. Baba yako aliwahi kuwafukuza na fimbo hadi barabarani, halafu akarudi akaniambia, "Yule mkubwa hakwepi mpira. Umeona? Anaufuata." Alisema kama mtu anayelalamika, lakini nilimwona usoni.

Ulipofaulu kwenda sekondari Nachingwea tukakupeleka ukakae kwa kaka yangu, mjomba wako Selemani, mwenye duka la pembejeo pale sokoni. Sikuwa na wasiwasi. Kwetu Wamwera mjomba ana sauti yake kwa mtoto wa dada, na Selemani alikuwa ameshakusimamia tangu jandoni. Nilijua utakula, utasoma, na atakuchapa ukistahili. Kumbe huko ndiko Fredi alikokuokotea.

Alikuja kwenye mechi ya shule na miwani ya jua na filimbi shingoni, filimbi ambayo sijawahi kumwona akiipuliza. Akajitambulisha kuwa ni skauti, anazunguka mikoa ya kusini kutafuta vijana wa kuwapeleka timu kubwa. Mjomba wako akamleta hapa nyumbani kwa bodaboda. Unakumbuka alivyokusimamisha kwenye mwimo wa mlango, akaweka alama kwa mkaa juu ya kichwa chako, akakwambia unyooshe mikono akaipima kwa mikono yake. Akakupindua viganja, akaviangalia kama watu wanavyoangalia korosho mnadani. Nilisimama pale na sufuria mkononi, nikafurahi. Alisema, "Mama, viganja hivi havitokei kila mwaka." Nikamkaangia mayai.

Alikuja tena, na tena. Kila alipokuja alikuwa na timu nyingine mdomoni. Mara majaribio ni baada ya Ramadhani, mara kocha kabadilishwa, mara tusubiri dirisha la usajili. Wewe ulimaliza shule ukawa unasubiri simu yake tu. Baba yako akikwambia twende shambani, unakwenda na simu mfukoni, na mtandao ukikatika unapanda kichuguu. Nilikuwa nakuona. Sikusema kitu kwa sababu na mimi nilikuwa nasubiri simu hiyo hiyo.

Halafu ikaja fainali ya kombe la machimbo ya dhahabu kule Namungo. Nilikwenda mwenyewe kukuangalia. Watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya vifusi. Kipindi cha kwanza hakijaisha, ulitoka golini ukaulalia mpira miguuni mwa mshambuliaji wao, naye akakukanyaga mkono. Niliona kidole kimeelekea upande ambao vidole haviendi. Kocha wenu, Nandonde, akaja akakivuta, akakifunga kwa plasta pamoja na kidole cha jirani, akakurudisha golini. Kipa wa akiba alikuwepo, Yusufu, rafiki yako, ameshavaa glovu. Lakini Fredi alikuwa amesimama pembeni ya uwanja anaangalia, na Nandonde alitaka Fredi akuone wewe.

Niliinuka. Nilifika mpaka kwenye kamba. Fredi akageuka akaniona, akasema, "Mama, umezaa simba. Wangapi wangebaki pale?"

Nikarudi kukaa. Nikuambie ukweli wake wote, nilirudi kukaa huku nimevimba kichwa, nikamwambia mama mmoja wa pembeni yangu kwamba yule ni mwanangu. Uliokoa penati kwa mkono ule ule. Mkachukua kombe. Na kidole hicho mpaka leo hakinyooki, nakiona kila unaposhika kikombe. Kila nikikiona namkumbuka Fredi na neno lake la simba. Tangu siku hiyo, mtu akimsifu mtoto wangu wakati mtoto mwenyewe anaumia, simsikilizi sifa zake. Namwangalia yeye anatafuta nini.

Ila siku hiyo sikumwangalia. Nilimwangalia baadaye, aliporudi kwa ajili ya cheti.

Unaijua siku hiyo, ulikuwepo. Lakini nataka uisikie kutoka upande wangu, kwa sababu wewe ulikaa kwenye mkeka ukiangalia vidole vyako vya miguu na sidhani kama uliniona.

Ulikuwa msimu wa kupuliza dawa ya salfa, baba yako yuko mikoroshoni. Mlikuja watatu, wewe, mjomba wako na Fredi. Nilimchinja yule jogoo mwekundu. Mlikula, mkanawa. Fredi akajifuta mdomo akasema nafasi imepatikana, timu ya vijana ya klabu kubwa Dar es Salaam, kocha ameona video zako, anakutaka. Nilipiga kigelegele, unakumbuka? Nilikipiga kabla hajamaliza kusema.

Akasema, "Ila kuna kitu kidogo, mama. Umri."

Nikamwuliza umri una nini.

"Kipa wa miaka kumi na minane mwenye mwili huu yuko kila kijiji. Wa kumi na mitano mwenye mwili huu, nikimpeleka, wale hawalali. Atakaa timu ya vijana miaka mitatu, atauzwa nje. Kumi na minane haniuzikii."

"Sasa si ndiyo miaka yake. Utaipunguza na nini?"

Akamtazama mjomba wako. Mjomba wako akatazama mlango. Fredi akasema, "Selemani ameniambia mlikuwa na kijana mwingine. Anayemfuata Rashidi."

Rashidi, mimi bado sikuelewa. Naapa sikuelewa. Nikajibu kama mtu anayejibu mgeni. "Alifariki. Homa ilimpanda kichwani, alikuwa na miaka saba."

"Pole sana, mama. Na cheti chake cha kuzaliwa kipo?"

Nakumbuka kuku mmoja aliingia ndani na hakuna aliyemfukuza. Halafu kaka yangu, damu yangu, aliyenishika mkono siku tunamzika Shabani, akaanza kunielewesha kwa sauti ya pole pole kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Akasema, "Mdogo wangu, jina ni jina tu. Huyu jandoni si alibadilishwa jina? Kaingia na moja, katoka na jingine. Hili litakuwa la tatu. Lina ubaya gani?"

Nikamwambia, "Jina la jandoni alipewa na watu walio hai. Hili mnataka kulichukua kaburini."

"Hatuchukui kitu. Ni karatasi."

Na hapo ndipo ulipofungua mdomo wako, mara moja tu siku ile nzima. Ulisema, bila kunitazama, "Mama, Shabani hakihitaji tena."

Fredi alisema mengi, Selemani alisema mengi, na yote nimeyatupa. Hilo lako sijaweza kulitupa. Nikitwanga linakuja, nikipalilia linakuja. Nilikuwa na hasira na Fredi kama unavyokuwa na hasira na mbwa aliyeiba nyama. Wewe nilikukasirikia kama mtu.

Nilimwambia Fredi avae viatu vyake.

Mjomba wako akasema, "Unamfukuza mgeni niliyemleta mimi?"

"Namfukuza. Na wewe kaka, kama unamfuata, mfuate."

Akamfuata. Mpaka leo hajakanyaga hapa. Kwenye harusi ya binamu yako tulikaa jamvi moja hatukusalimiana. Unajua ni kitu gani kwetu mwanamke kumtoa kaka yake mkubwa ndani ya nyumba? Wanawake wenzangu walikuja kunikalisha chini mara mbili. Nilikaa, nikawasikiliza, nikawapikia chai, na sikubadilisha neno.

Sasa nikueleze jambo ambalo siku ile sikuweza kulisema. Shabani hana picha. Hatukuwahi kumpiga, tulikuwa tunasema akianza darasa la kwanza, atapigwa picha akiwa na sare. Kaburi lake lina mawe mawili, halina maandishi. Duniani hapa jina lake limeandikwa mahali pamoja tu, kwenye cheti kile. Kama ungekichukua, basi Shabani yuko hai anadaka mpira Dar es Salaam. Sasa aliyekufa ni nani? Ni Rashidi. Ningeulizwa na mtu wa serikali, ningelazimika kusema Rashidi wangu amekufa na huyu ni Shabani. Nimezika mmoja. Mlitaka nizike wa pili huku naangalia anavyotoka golini na kudaka kona.

Uliondoka kesho yake. Hukuaga. Ulimwambia baba yako unakwenda machimboni Namungo kutafuta maisha, ukaingia kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, mikono ile ile iliyopimwa mlangoni kwetu ikawa inavuta kamba ya ndoo za udongo. Nilipiga simu hukupokea. Nikikuta namba yako imezimwa nilikuwa nahesabu umeangukiwa na kifusi. Usiku nilikuwa nakaa macho, mchana nilikuwa nagombana na watu.

Kwa sababu watu walisema. Fredi alimchukua Yusufu, kipa wako wa akiba, kikapatikana cheti cha mtoto wa baba yake mdogo, akampeleka kwenye nafasi ile ile. Picha zake zikaanza kuzunguka kwenye simu, na jezi, na viatu vipya, amesimama mbele ya basi la timu. Gulioni wananiambia, "Mama Rashidi, angekuwa mwanao hapo." Mmoja aliniambia uso kwa uso kwamba nimemzibia mtoto riziki kwa ajili ya maiti. Nilimrushia fungu la kisamvu. Nilikuja kukijutia kisamvu changu.

Baba yako je? Aliporudi mikoroshoni siku ile, salfa imemjaa mpaka kwenye kope, nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimefanya sawa. Lakini aliniambia tukiwa wawili. Mbele ya ndugu zangu, mbele ya wanaume wenzake barazani, alikaa kimya, akawaacha waseme ni mimi. Nimemwambia mwenyewe, kwa hiyo simsemi nyuma ya mgongo. Kumwunga mkono mtu chumbani hakumsaidii anapotukanwa nje. Wewe utakuwa na mabeki mbele yako, na siku moja beki atafanya kosa, na kocha atamgeukia, na wewe utakuwa umeona kwamba wa kwanza kukosea alikuwa mtu mwingine. Sema pale pale uwanjani, wote wasikie. Usije ukamnong'oneza beki kwenye basi kwamba uliona.

Nilikuja Namungo kukuchukua. Sikuja kukubembeleza, nilikuwa nimejiandaa kukuburuza. Nikaambiwa uko uwanjani. Ilikuwa mechi ya jioni tu ya wachimbaji, hakuna kombe wala jezi, na wewe golini umejaa vumbi jeupe mpaka kwenye masikio. Nikakaa juu ya ndoo nikangoja mpira uishe nikushike.

Ulifungwa matatu. Nilihesabu kila moja na kila moja nilisema moyoni, haya, dhahabu yenyewe hiyo. Timu yako ilikuwa imechoka, mabeki walikuwa wametoka duarani muda ule ule, miguu haiendi. La tatu lilikupita katikati ya miguu. Watu wakakuzomea. Wewe ukaokota mpira, ukamwita beki wako wa kushoto kwa jina, ukamwonyesha kwa mkono asimame wapi, ukamrushia mwingine maji. Ukapiga makofi. Ukarudi golini ukaendelea kuwapanga kama vile ni sifuri kwa sifuri.

Pembeni yangu kulikuwa na mwanamume mfupi mwenye kofia ya kufuma, wa makamo, ambaye nilidhani ni mnunuzi wa dhahabu. Akaniuliza, "Yule kipa unamfahamu?"

Nikasema, "Kwa bahati mbaya."

Akacheka. "Ni nani yako?"

"Mwanangu."

"Akifungwa hivi, akirudi nyumbani anafanyaje?"

Nilimwangalia vizuri. Nilikuwa nimeapa sitamjibu tena mtu yeyote anayeuliza habari zako za mpira. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Fredi aliuliza urefu wako, uzito wako, saizi ya kiatu. Nikamjibu kwa ukali, "Ananuna. Hali chakula. Halafu asubuhi anaamka kabla yangu, anakwenda kurusha mpira ukutani mpaka namfokea."

"Anamlaumu nani?"

Nikafikiri. Nikasema, "Sijawahi kumsikia akimlaumu mtu." Na nilipokuwa nalisema hilo, nilikuwa na hasira na wewe bado, lakini nililisema kwa sababu ni kweli.

Ndivyo nilivyoonana na Kocha Lukasi. Amekuja ukweni kwake Ruangwa mapumziko, ameletwa pale na shemeji yake kupoteza muda. Kazi yake ni kufundisha makipa tu kwenye timu yake huko Iringa, hiyo unayokwenda kesho, timu ambayo wala haiko Ligi Kuu. Mpira ulipoisha ukaja, ukaniona, ukasimama. Hukuniamkia. Sikukusalimia. Yeye akakuuliza mambo yake, kwa nini kwenye goli la pili ulibaki kwenye mstari badala ya kutoka, ukamweleza, akakuambia umekosea, ukabisha, akafurahi kwamba umebisha. Akakushika kidole kile, akakiinua, akauliza nani alikifunga. Ukasema kocha. Akatikisa kichwa akasema, "Ulitakiwa ukae nje wiki sita." Nilitaka kumkumbatia mtu huyo na nilitaka kumpiga mtu mwingine, wote kwa wakati mmoja.

Halafu akauliza, "Una miaka mingapi?"

Nikajua yale yale yanaanza upya. Nikaanza kutafuta ndala zangu kwa mguu.

Ulinitazama. Tangu siku ya cheti hukuwa umenitazama, na siku hiyo ukanitazama kwa muda mrefu, vumbi tupu, macho mekundu. Kisha ukamgeukia ukasema, "Kumi na tisa. Natimiza ishirini mwezi ujao."

Naye akasema, "Sawa. Kwangu kipa anaanza kuiva akifika ishirini na tano. Una muda."

Basi. Alisema hivyo tu, na kijana mzima ukakaa chini kwenye vumbi. Ulidhani sikuona mabega yako. Nilikuona. Niligeuka nikajifanya naangalia vifusi.

Nakukasirikia hata hapo, unajua? Nakukasirikia kwamba ulinitazama kwanza. Ulikuwa unaangalia kama mama yupo, mama atasema nini. Kesho ukipanda gari mimi sipo. Huko Iringa atatokea Fredi mwingine, wako wengi, na huyo hatakuja na miwani. Atakuja na heshima, atakuita mdogo wangu, atakuitia daktari ukiumia. Atakuwa na kitu kidogo tu cha kubadilisha. Ukimjibu, mjibu bila kunitafuta.

Siwezi kukuahidi kwamba utafika juu kuliko Yusufu. Watu wanapenda kusikia kwamba aliyedanganya aliumbuka. Yusufu hajaumbuka. Anacheza, anacheza vizuri, amemwezekea mama yake bati. Namwombea asikamatwe, ni mtoto mzuri na aliyemwingiza humo ni mtu mzima. Lakini wiki iliyopita nilikuwa gulioni Ruangwa na Mama Yusufu, yeye anauza mihogo, mimi mbaazi, na redio ya duka la jirani ikawa inatangaza mechi yake. Mtangazaji anapiga kelele, Hamisi ameokoa, Hamisi amepangua, kwa sababu Hamisi ndilo jina la kile cheti. Mama Yusufu akanyanyuka na kisu mkononi akamwambia mteja wake, "Huyo ni mwanangu." Mteja akamwuliza, "Si mwanao ni Yusufu?" Akakaa. Akaendelea kumenya mihogo. Baadaye akaniambia taratibu, "Mama Rashidi, mchezaji yule nampenda, lakini kila wakimtaja moyo unachelewa kujua kwamba ni wangu."

Nikachukua muhogo mmoja nikamsaidia kumenya. Sikuwa na hamu ya kushinda.

Na bado kuna siku najiuliza. Nikikuona na viatu vyako vilivyoshonwa, nikifikiri umri unakwenda, timu yenyewe hata jina lake hapa hawalijui, najiuliza kama Selemani hakuwa sahihi. Halafu najikuta nimekasirika tena, na jibu linabaki lile lile. Ningemwambia Fredi avae viatu vyake hata leo. Ukija kukwama huko, ukarudi na begi lako la kamba, kama utataka kunilaumu, nilaumu. Nitakuwepo, na sitakuambia ilikuwa karatasi tu.

Kuna jambo moja nilikuwa nalingoja. Nilingoja uniombe radhi kwa neno lile ulilolisema juu ya Shabani. Nilingoja uliporudi kutoka Namungo, nikangoja kwenye Idi, nikangoja jana. Jana alfajiri nilikwenda makaburini kung'oa majani kabla hujaondoka, nikakuta yameshang'olewa. Udongo bado mbichi, na alama za magoti mawili upande wa kichwani. Nilimwuliza baba yako, akasema si yeye. Kwa hiyo sikuulizi. Umeshaongea na Shabani mwenyewe.

Mimi upande wangu sijamaliza kukasirika, na nadhani itachukua muda, labda mpaka nikusikie redioni ukifungwa goli la kijinga kwa jina lako kamili, ubini na kila kitu, na nchi nzima ikutukane wewe na si mtu mwingine. Siku hiyo nitapasua redio ya watu.

Nimesikia kamba imekatika na baba yako anakulaumu wewe. Mbaazi zimeiva na nimeziunga kwa nazi, sikumwambia mtu. Ngoja niwaite mle kabla jua halijazama, maana kesho sitapika asubuhi, sitaweza.

Mama yako